Kisiwa Hakitiwi Koponi

Upo mtindo ulioenea katika miji ya Marekani na Ulaya, na ambao sasa umebisha hodi katika hoteli za pwani zetu. Watu hukusanyika jioni, hutazama filamu ya zamani, kisha huandaa mezani vyakula vya zama zile zile za filamu, pamoja na mapambo yake, mavazi yake na muziki wake. Wanaofanya hivyo wanajua fika kwamba vyakula vile vimepitwa na wakati na mapambo yake yamezidi rangi. Hiyo ndiyo raha yake. Hula, hucheka na hupiga picha. Kwa mtazamo wa juu juu, hili ni jambo la mchezo ambalo gazeti halikupaswa kulipotezea wino. Sisi tumeona vinginevyo. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa wale waliokabidhiwa dhamana katika idara za utalii, kilimo na biashara, watuvumilie tueleze kwa nini.

Miezi michache iliyopita tulialikwa katika karamu ya namna hiyo, kwenye hoteli moja ya ufukweni ambayo hatuna haja ya kuitaja. Filamu iliyochaguliwa ilikuwa Blue Hawaii, iliyotolewa mwaka 1961, na mchezaji wake mkuu ni Elvis Presley. Kisa chake ni chepesi. Kijana anarejea Hawaii kutoka jeshini. Baba yake ni mkubwa katika kampuni ya mananasi, na wazazi wanataka aingie katika kampuni hiyo. Yeye anakataa, anajiajiri kuwaongoza watalii, na mwishowe anamwoa mpenzi wake katika harusi ya mitumbwi, makoja ya maua na nyimbo. Sehemu hiyo ya harusi ilipigwa picha katika hoteli ya Coco Palms, kisiwani Kauai. Santuri ya nyimbo za filamu hiyo ilikaa kileleni mwa mauzo ya Marekani kwa wiki 20.

Tuliitazama kwa makini, kwa jicho la watu waliozaliwa visiwani. Tuliona kwamba mpenzi yule, ambaye katika kisa ana damu ya Kihawaii, ameigizwa na msichana wa kizungu. Tuliona kwamba mtumishi wa nyumbani, mtu wa Asia, amepewa jina la Ping Pong, nasi tukajiuliza ni mzazi gani duniani aliyempa mwanawe jina hilo. Tuliona mananasi, fukwe na machweo ya jua. Lakini hatukumwona hata mtu mmoja akiulizwa ardhi ile ya mananasi ilikuwa ya nani kabla ya kampuni kufika.

Kisha tukakaribishwa mezani. Palikuwa na maji ya matunda ndani ya nanasi lililokombwa, na juu yake kimwavuli cha karatasi. Palikuwa na sinia la vitafunio lenye kijiko cha moto katikati, na maini ya kuku yaliyoviringishwa katika nyama na kuchomwa kwa vijiti. Palikuwa na kuku wa mchuzi mtamu mchachu uliokolezwa nanasi. Chakula kikuu kilikuwa pande kubwa la nyama ya kuoka, lililofunikwa pete za nanasi, kila pete ikiwa na cheri nyekundu katikati, na karafuu zimechomekwa safu kwa safu mfano wa misumari. Kwao pande hilo huwa ni paja la nguruwe. Kwa heshima ya wenyeji, mpishi alitumia bata mzinga, nasi tunamshukuru kwa adabu yake. Mwisho ililetwa keki ya nanasi, ile inayookwa chini juu kisha ikapinduliwa. Kila mgeni alivishwa koja la maua ya plastiki.

Ilitokea kwamba mhudumu wa meza yetu alikuwa kijana mzaliwa wa Wete. Tulipomwuliza karafuu zile zimenunuliwa wapi, aliingia jikoni na kutuletea kichupa. Kilikuwa kimefungwa Ulaya, na juu yake bei imeandikwa kwa fedha za huko. Akasema, kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, hizi nimezichuma tangu utotoni, na sijapata kuziona zimevaa koti." Nanasi nalo lilikuwa la kopo. Siku ile ile, asubuhi, tulipita Darajani na kuyaona mananasi mabichi yamerundikwa kando ya njia, wenyewe wakiyapigia kelele yanunuliwe kabla hayajaoza.

Hapo ndipo mchezo ulipotutoka, tukaanza kuitafiti karamu ile tangu mwanzo wake. Tuliyoyapata yanawahusu watu wa kila kisiwa.

La kwanza ni kwamba chakula kile si cha Hawaii. Orodha ile ilitungwa zaidi katika mahoteli ya California. Katika miaka ya 1930 walitokea huko wafanyabiashara wawili, Ernest Gantt, aliyejiita Don the Beachcomber, na Victor Bergeron, aliyejulikana kama Trader Vic. Walifungua mabaa na mikahawa iliyopambwa kwa mianzi, nyavu za uvuvi na sanamu za miungu ya watu wa Pasifiki, wakauza vileo vya ramu na vyakula vya Kichina vilivyogeuzwa kidogo, vyote kwa jina la visiwa vya mbali. Yale maini ya vijiti ni zao la mikahawa hiyo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, askari waliorudi kutoka Pasifiki walizidisha hamu ya mambo hayo. Hawaii ikafanywa jimbo la Marekani tarehe 21 Agosti, 1959, ndege za jeti zikaanza kuteremsha watalii Honolulu, na miaka miwili baadaye ikatoka filamu yetu. Tangu hapo mama wa nyumbani wa Ohio au wa Manchester aliyetaka kuwafurahisha wageni wake alifungua kopo la nanasi, akaimwagia nyama, akaliita pishi hilo la Kihawaii. Hata ile piza yenye nanasi inayoitwa ya Hawaii ilianzishwa Kanada mwaka 1962 na mzaliwa wa Ugiriki. Mkate wa kuoka wa jina hilo, wenye nyama, nanasi na jibini, ulipata umaarufu Ujerumani Magharibi katika miaka ya 1950 kupitia mpishi wa televisheni. Wahawaii wenyewe hawakushirikishwa katika lolote kati ya hayo. Kilichotumika ni jina lao tu.

La pili ni kwamba hata nanasi lenyewe si la Hawaii. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Lililifanya taifa lile liitwe nchi ya mananasi si kwa mapenzi ya wananchi, bali kwa mtaji. Mwezi wa Januari, 1893, kundi la wafanyabiashara na walowezi, huku askari wa manowari ya Marekani wakiwa wameshuka nchi kavu, lilimpindua Malkia Liliuokalani. Sanford Dole akawa rais wa jamhuri waliyoiunda, na mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani. Mwaka uliofuata jamaa yake, James Dole, aliwasili Honolulu, na mwaka 1901 akaunda kampuni ya mananasi. Mwaka 1922 alikinunua karibu kisiwa kizima cha Lanai akakifanya shamba. Bunge la Marekani lenyewe lilikiri makosa ya mapinduzi yale na kuomba radhi, lakini lilifanya hivyo mwaka 1993, miaka 100 baadaye, na radhi haikurudisha ardhi.

Wasomaji huenda wakajiuliza kwa nini nanasi la karamu hizo daima huwa pete. Jibu lake limo kiwandani. Mwaka 1911 Dole alimpa kazi fundi Henry Ginaca, naye akabuni mashine ya kumenya nanasi, kulitoa moyo wake na kulikata liwe mfano wa mche wa duara unaoingia sawasawa ndani ya kopo. Umbo la pete ni umbo la kopo, wala si umbo la tunda. Baada ya hapo ilibidi watu wafundishwe namna ya kuyamaliza makopo. Mwaka 1925 kampuni iliendesha shindano la mapishi ya nanasi, na keki ile ya kupinduliwa ikapata umaarufu mkubwa. Basi aliyepamba nyama kwa pete za nanasi akidhani ameiletea meza yake upepo wa bahari ya Kusini, kwa hakika ameiletea tangazo la biashara.

Na nyuma ya tangazo walikuwapo watu. Mashamba yale yalilimwa na vibarua walioletwa kutoka China, Japani, Korea na Ufilipino. Mwaka 1951 wafanyakazi wa Lanai waligoma kwa zaidi ya miezi sita, wakaishi kwa samaki na kwa msaada wa wenzao, mpaka wakapata nyongeza. Miaka 10 baadaye ikatoka filamu yenye nyimbo nyingi juu ya nchi ile ile, na mgomo ule haukupata nafasi hata ya beti moja.

La tatu, ambalo ndilo lililotugusa zaidi, ni habari ya jimbi. Chakula cha asili cha Hawaii ni kalo, nacho ni jimbi lile lile tunalolipika kwa tui la nazi na kulifuturia mwezi wa Ramadhani. Wahawaii hulichemsha na kuliponda likawa uji mzito uitwao poi. Majani yake machanga hupikwa kwa nazi na huitwa luau, na ni kutokana na majani hayo ndipo karamu yenyewe ilipopata jina lake. Katika masimulizi yao ya kale, mmea wa kalo ulichipuka mahali alipozikwa mtoto wa kwanza, na mtoto wa pili ndiye aliyekuwa mtu. Kwa hiyo jimbi ni kaka na binadamu ni mdogo wake, na mdogo hana budi kumtunza kaka yake naye kaka amlishe. Walowezi walipoyageuza maji ya mito yaende kunywesha mashamba ya miwa, mabonde mengi ya kalo yalikauka. Katika karamu ya filamu hapana jimbi. Kaka amesahauliwa, mezani amekaa mgeni wa kopo.

Na yalikuwaje mwisho wa mananasi yenyewe? Mtaji hauna kwao. Gharama zilipopanda Hawaii na makopo ya bei nafuu yalipoanza kutoka kwingineko, kiwanda kikuu cha Dole mjini Honolulu kilifungwa mwaka 1991, na shamba la Lanai likaachwa mwaka uliofuata. Mwaka 2012 tajiri mmoja wa kompyuta, Larry Ellison, alinunua takriban asilimia 98 ya kisiwa hicho. Hoteli ya Coco Palms, ile ya harusi ya filamu, ilivunjwa na tufani ya Iniki tarehe 11 Septemba, 1992, na haikufunguliwa tena kwa miongo mingi iliyofuata. Leo inakadiriwa kwamba Hawaii, yenye udongo wa rutuba, mvua na bahari pande zote, huagiza kutoka nje kati ya asilimia 85 na 90 ya chakula chake. Meli zikichelewa, kisiwa kina njaa huku watalii wakiwa wamevishwa makoja.

Sisi hatuandiki haya ili kuwanyima watu furaha. Mtu wa Leeds au Chicago anayeandaa karamu ya namna ile kwa kucheka ladha za nyanya yake hana kosa kwetu. Pengine anamkumbuka nyanya yule kwa mapenzi, naye kopo lilikuwa kwake ni ukombozi baada ya miaka ya vita na mgao. Wala hatusemi kwamba chakula kina pasi ya kusafiria. Karafuu yetu yenyewe asili yake ni Maluku, nayo ilipandwa hapa kwa wingi katika karne ya 19 kwa jasho la watumwa. Muhogo na nanasi vilitoka Amerika. Biriani na sambusa zilikuja na majahazi. Tungekuwa waongo kama tungejidai kuwa chungu chetu hakikuwahi kupokea mgeni. Tofauti ni hii: vitu hivyo viliingia jikoni mwetu, mama zetu wakavipika kwa mikono yao, wakaviongeza na kuvipunguza mpaka vikawa vyetu. Chakula cha filamu ile kilipikwa na wengine, kikapewa jina la mwenyeji, na mwenyeji akaambiwa akitumikie.

Ndiyo maana tuna hofu na nafsi zetu wenyewe. Mwaka 2023 Visiwa vyetu vilipokea watalii zaidi ya laki sita. Wote wanakula. Katika hoteli nyingi hupangwa usiku mmoja wa wiki uitwao usiku wa Kiswahili, ambapo wahudumu huvishwa kanzu na kofia, ngoma hupigwa dakika 20, na juu ya meza huwekwa wali uliotiwa rangi ya njano, kuku wa kuchoma na mchuzi mwepesi usio na pilipili wala bizari ya kutosha. Mgeni huondoka akiamini ameijua Zanzibar. Sehemu kubwa ya mboga, mayai na matunda ya meza hizo huvuka bahari kabla ya kufika, huku mkulima wa hapa akilalamika kuwa hana soko, na meneja wa hoteli akilalamika kuwa mkulima hana uhakika wa kuleta mzigo. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa wao peke yao.

Na tusiwatupie hoteli lawama yote. Tumehudhuria dhifa za kiserikali, katika msimu wa maembe na machungwa, tukapewa maji ya matunda ya pakiti yaliyosafirishwa maelfu ya maili. Tumekaa katika semina za kuhimiza kilimo cha chakula, na wakati wa mapumziko tukaletewa biskuti za nje, wakati kina mama wa vikaango na mkate wa kumimina wamekaa hatua chache nje ya ukumbi. Hii ndiyo kasumba tunayoizungumzia. Mtu hawezi kumfundisha mgeni kuheshimu chakula ambacho yeye mwenyewe anakionea haya mbele ya wakubwa. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu, na hakuna hata moja inayohitaji mkopo kutoka nje.

Kwanza, dhifa za umma zianze. Ofisi zote, za serikali na za mashirika, zielekezwe kwamba kitakachowekwa mezani kiwe ni cha msimu na cha hapa, isipokuwa pale kisipopatikana. Madafu, ukwaju, mabungo, muhogo, boga, majimbi na samaki wa kupaka havimwaibishi mgeni yeyote wala havimdhalilishi mwenyeji.

Pili, pawepo mapatano ya maandishi baina ya hoteli na vyama vya ushirika vya wakulima na wavuvi, yenye kutaja kiasi, ubora, siku ya kupokea na siku ya kulipa. Maofisa wa kilimo wasimamie upande wa shamba, na maofisa wa utalii wasimamie upande wa jiko. Tumezoea kumhimiza mkulima alete kila siku, na tumesahau kumhimiza mnunuzi alipe kwa wakati. Tunazungumza sana juu ya uchumi wa buluu. Usije ukawa wa buluu kwa namna ya filamu ile, rangi nzuri kwenye pazia na makopo nyuma yake.

Tatu, wazee wetu waliobaki na elimu ya mapishi wasikilizwe na kuandikwa sasa. Katika Hawaii, vijana wa miaka ya 1970 waliamka, wakaanza kuyafufua mabonde ya kalo, wakaunda mtumbwi mkubwa wa kale na kuuongoza kwa nyota mpaka Tahiti mwaka 1976, na mwaka 1978 lugha yao, iliyokuwa imefukuzwa madarasani tangu mwaka 1896, ikatambuliwa tena kuwa lugha rasmi. Leo wapo Wahawaii wanaoponda poi kwa mikono na kuwafundisha watoto wao. Wamefanya kazi kubwa, lakini walilazimika kuianza wakati mengi yamekwisha kupotea. Sisi bado tuna bibi zetu jikoni.

Na kwa yule mwenye hoteli aliyetualika, ambaye tunaamini nia yake ilikuwa njema, tunamshauri aiandae tena karamu yake, maana filamu haina kosa la kuogopesha na watu walifurahi. Ila safari hii anunue nanasi Darajani, alikate kwa umbo lake lenyewe. Apike majimbi kwa tui, awaambie wageni kwamba chakula hiki kinaliwa na watu wa bahari mbili, na kwamba ndicho kilichopaswa kuwapo katika filamu. Makoja yafungwe kwa asumini na vilua vya hapa, yanukie. Na karafuu, tafadhali, asizitafute katika kichupa. Amwulize yule kijana wa Wete, naye atamwambia mkarafuu ulipo, nani ameupanda na nani anapaswa kulipwa.